Je, Bluberi Inaweza Kumea Kwetu Muthara?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Muthara, Tigania Mashariki. Leo tutazungumza juu ya tunda la mtoto, na tutaanza na tunda moja geni ambalo limezua maswali mengi: bluberi.

Siku hizi mama akija kliniki kupima mtoto uzito, huniuliza, "Sista, ni kweli bluberi inaongeza damu? Ni kweli inatibu sukari na presha? Na je, naweza kuipanda nyuma ya jikoni?" Maswali haya ni mazuri, kwa sababu mama anayeuliza kabla ya kutoa pesa zake mfukoni ni mama mwerevu. Kwa hivyo nitajibu moja kwa moja, kisha nieleze sababu.

Jibu la kwanza: ndiyo, bluberi inaweza kumea kwetu, lakini ni lazima uipe udongo inaoutaka. Jibu la pili: ndiyo, ni tunda zuri kwa mtoto na kwa mtu mzima. Jibu la tatu, na hili ulishike sana: bluberi si dawa, na si tunda la kwanza kupandwa katika boma lenye mtoto mdogo. Kuna matunda mengine yanayotangulia, na mengi yako hapa hapa.

Kwanza tuijue bluberi yenyewe. Ni tunda dogo la mviringo, kama punje kubwa ya njahi hivi, lenye rangi ya buluu iliyokolea na unga mweupe juu ya ganda. Humea kwenye kichaka kifupi. Asili yake ni Amerika Kaskazini. Kwa miaka mingi watu wa huko waliichuma porini tu. Waliojaribu kuihamishia shambani iliwafia, na hawakujua ni kwa nini. Mnamo 1910, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani aitwaye Frederick Coville alieleza sababu: mmea huu unataka udongo mchachu. Udongo mzuri wa mahindi, ule tunaousifu, kwake ni kama sumu. Coville alishirikiana na Elizabeth White, binti wa mkulima wa jimbo la New Jersey, na mwaka wa 1916 wakauza mavuno ya kwanza ya bluberi iliyopandwa shambani. Hapa Kenya, kampuni ya Kakuzi kule Makuyu, Murang'a, ni miongoni mwa wanaoilima kwa biashara. Kwa hivyo si hadithi ya ng'ambo tu. Inamea katika nchi yetu.

Sasa tuje kwenye chakula. Bluberi ina nini ndani yake? Ina maji mengi, ina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, na ile rangi yake ya buluu ina kemikali za asili ambazo wataalamu wanaendelea kuzichunguza. Vitamini C imo, lakini si nyingi. Gramu 100 za bluberi zina vitamini C ya miligramu 10 hivi. Gramu 100 za papai zina karibu 60. Chungwa lina zaidi ya 50. Na pera, lile pera ambalo watoto wetu wanalirushia mawe mtini, lina zaidi ya 200.

Nikuambie kwa lugha ya jikoni. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 6 anahitaji karibu miligramu 30 za vitamini C kwa siku. Ukitaka azipate kutoka kwa bluberi peke yake, utampa gramu 300, na hizo ni nyingi kwa tumbo lake na kwa mfuko wako. Ukimpa pera, robo moja ya pera la wastani inatosha. Robo ya pera, mama! Tena pera hilo pengine liko kwa jirani na linaoza chini.

Vitamini A je? Hiyo ndiyo inayolinda macho ya mtoto na kumsaidia kupigana na magonjwa kama surua na kuhara. Bluberi karibu haina. Maembe, papai, malenge, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, pamoja na mboga za kijani kama terere, kunde na sukuma wiki, hizo ndizo zenye kazi hiyo. Na usisahau, mtoto hupewa tone la vitamini A kliniki kila baada ya miezi 6, kuanzia miezi 6 hadi atimize miaka 5. Hakuna tunda la kuchukua mahali pa tone hilo.

Na damu? Hapa nataka tuelewane vizuri, maana wengi wetu tunadanganywa na rangi. Tukiona tunda jekundu au jeusi tunasema, "Hili linaongeza damu." Ndiyo maana hata tumeyapa mengine jina la matunda damu. Lakini damu haijengwi na rangi. Damu inajengwa na madini ya chuma. Madini hayo yanapatikana kwa wingi katika maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu, kamande, na mboga za kijani. Bluberi ina madini ya chuma kidogo sana, hata miligramu moja haifiki katika gramu 100.

Je, basi tunda halina kazi katika damu? Linayo, na ni kubwa. Madini ya chuma yaliyomo ndani ya maharagwe na mboga huingia mwilini kwa shida. Vitamini C ya tunda huyafungulia mlango. Mtoto akila ndengu na mukimo, halafu ale kipande cha papai au pera papo hapo, mwili wake unachukua chuma zaidi kutoka kwa chakula kile kile. Hujanunua kitu kipya. Umepanga sahani tu.

Na kuna kinachofunga mlango huo. Ni chai, mama. Majani ya chai yana kitu kinachoshika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini. Tunaishi kwenye milima ya chai, na tumezoea kumpa mtoto chai na mkate asubuhi, tena chai na githeri jioni. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe chai kabisa. Mpe maziwa ya mama, uji ulioongezwa maziwa, na maji safi. Wewe mama mwenyewe, hasa ukiwa mjamzito, kunywa chai yako saa moja au mbili baada ya chakula. Na ile tembe ya chuma na foliki unayopewa kliniki uimeze na maji au pamoja na tunda, usiimeze na chai.

Tukishaelewa hayo, tunaweza kupanga bustani. Mama mwenye nafasi ndogo nyuma ya jikoni apande nini kwanza?

Kwanza, mpapai. Huanza kuzaa karibu mwaka mmoja baada ya kupandwa, wakati mwingine hata kabla, nao huendelea kuzaa kwa miezi mingi. Papai bivu halihitaji hata moto. Unaliponda kwa uma na mtoto wa miezi 6 anakula.

Pili, mpera. Hauna shida ya udongo, na umeona mwenyewe kwamba tunda lake linashinda mengi kwa vitamini C. Mpe mtoto mdogo nyama laini ya pera bila mbegu.

Tatu, mforosadi, ambao wengi wetu tunauita mulberi. Ukitaka tunda dogo jeusi la kufurahisha watoto, hili ndilo ndugu wa karibu wa bluberi kwa sura ya midomo yao baada ya kula! Kata kijiti chenye unene wa penseli kutoka kwa mti wa jirani, kichomeke kwenye udongo wenye unyevu wakati wa mvua, nacho kitashika. Gramu 100 za mulberi zina vitamini C zaidi ya mara tatu ya bluberi, na madini ya chuma karibu miligramu 2. Majani yake mbuzi wanayapenda. Na mche huo hautakugharimu hata shilingi.

Ndipo, ikiwa umeshapanda hayo, na una pesa kidogo na hamu ya kujaribu, upande bluberi. Sikuzuii. Nataka tu isichukue pesa za mayai ya mtoto.

Sasa sikiliza namna ya kuipanda, pole pole.

Jambo la kwanza ni mche. Usipande mbegu kutoka kwenye tunda ulilonunua. Itachukua miaka, na tunda litakalotoka huenda lisifanane na mama yake. Nunua mche kwa mwenye kitalu kilichosajiliwa, na umwombe akuonyeshe cheti. Muulize kama ni aina isiyohitaji baridi kali, kwa sababu zipo aina za nchi za theluji ambazo zikikosa miezi ya baridi hazitoi maua vizuri. Ukiweza, nunua miche miwili ya aina mbili tofauti. Nyuki wakitoka huku wakienda kule, matunda huwa makubwa zaidi. Na mtu akikuletea mche mlangoni akikuambia unatibu sukari, presha na saratani, mwambie asante na umfungie lango. Hakuna mche wa namna hiyo.

Jambo la pili ni udongo. Uchachu wa udongo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Katikati ni 7. Chini ya hapo udongo ni mchachu, juu ya hapo si mchachu. Bluberi inataka pH ya kati ya 4.5 na 5.5. Je, unajua ni mmea gani mwingine unaopenda udongo kama huo? Ni majani chai! Kwa hivyo ukiwa upande wa juu wa Nyambene, kule kwa Michimikuru na Kiegoi, udongo wako pengine uko karibu na unaotakiwa. Ukiwa upande wa chini ulio na joto na ukame, usipande ardhini moja kwa moja. Panda kwenye chombo. Mwulize afisa wa kilimo wa wadi yako namna ya kupima udongo. Taasisi ya utafiti ya KALRO pia hupima.

Jambo la tatu ni chombo. Tafuta ndoo ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia, uitoboe matundu chini ili maji yatoke. Baada ya mwaka mmoja au miwili utauhamishia mmea kwenye chombo kikubwa zaidi, kama nusu ya pipa. Lakini nisikilize vizuri: usitumie kamwe mtungi uliokuwa na dawa ya kunyunyizia miraa, nyanya au kahawa, hata ukiuosha mara kumi. Usiutumie kupandia chakula, wala kuchotea maji, wala kuwekea maziwa. Na usiweke sahani ya maji chini ya ndoo, kwa sababu mbu wataifanya nyumba ya kuzalia.

Jambo la nne ni mchanganyiko. Chukua udongo mwekundu kutoka upande wa majani chai au ule wa chini ya miti ya mikaratusi na misonobari, uchanganye na vumbi la mbao lililokaa muda mrefu likaoza, na mchanga kidogo wa mto ili maji yasisimame. Vumbi hilo litoke kwa mbao ambazo hazikupakwa dawa. Mizizi ya bluberi ni myembamba kama nywele na haiendi chini sana, kwa hivyo haiwezi kupenya udongo mgumu. Juu funika kwa majani makavu au vumbi la mbao ili unyevu usipotee.

Hapa ndipo wengi watakosea, kwa sababu ya mazoea. Sisi tukitoa jivu jikoni, tunalimwaga kwenye shina la mgomba au la sukuma wiki. Kwa mimea hiyo si vibaya. Kwa bluberi ni hasara. Jivu huondoa uchachu wa udongo. Hali kadhalika chokaa, na hata mbolea ya CAN, kwa sababu ndani yake mna chokaa. Majani ya bluberi yakianza kugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, ujue mara nyingi udongo umepoteza uchachu na mmea hauwezi tena kupata chuma. Umeona? Hata mmea huwa na upungufu wa chuma. Chuma kipo udongoni, lakini mlango umefungwa. Ni kama mtoto aliyekula maharagwe akateremshia na chai.

Mbolea inayoifaa ni ile ya SA, yaani salfeti ya amonia. Weka kijiko kimoja kidogo cha chai kwa mche mmoja, mbali kidogo na shina, kila baada ya wiki 6 hadi 8, kisha mwagilia maji. Usizidishe, itaungua. Samadi mbichi usiweke.

Jambo la tano ni maji. Inataka maji kidogo kidogo, mara kwa mara. Maji ya mvua ndiyo bora, kwa hivyo weka pipa chini ya paa na ulifunike vizuri ili mtoto asitumbukie na mbu wasizaliane. Maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe ndani ya sufuria yana chokaa, na polepole yatauharibu udongo. Wakati mzuri wa kupanda ni mvua ya mwezi wa kumi inapoanza, kwa sababu kwetu Meru mvua hiyo ndiyo ya kutegemewa zaidi.

Jambo la sita ni subira. Maua ya mwaka wa kwanza uyaondoe ili mmea upate nguvu. Mwaka wa pili na wa tatu ndipo utaanza kuona matunda ya maana. Weka wavu, maana ndege hawatakungoja. Na usichume mara tu tunda linapogeuka buluu. Likiwa bado lina wekundu karibu na kikonyo, liache siku chache. Bluberi ikishachumwa haiongezi utamu.

Mama, tumeshavuna. Sasa tunamlishaje mtoto? Hapa naomba usikivu wako wote, kwa sababu tunda dogo la mviringo linaweza kumuua mtoto kwa dakika chache likimkaba koo.

Mtoto wa chini ya miezi 6 hapewi tunda wala maji wala uji. Ni maziwa ya mama peke yake. Akitimiza miezi 6, mwanzie vijiko viwili au vitatu vya chakula laini kilichopondwa, mara mbili au tatu kwa siku, na tunda lililopondwa liwe mojawapo. Endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 na zaidi. Kuanzia miezi 9 ale mara tatu au nne kwa siku, na katikati apate kitu kidogo kama tunda. Bluberi za mtoto wa chini ya mwaka 1 zipondwe kabisa. Kuanzia mwaka 1 hadi miaka 4, kata kila tunda vipande vinne. Fanya vivyo hivyo kwa zabibu na nyanya ndogo. Mtoto ale akiwa amekaa chini na mtu mzima akimtazama. Asile akikimbia, akicheka wala akiwa amelala mgongoni mwa dada yake. Osha matunda kwa maji safi, na mikono yako kwa sabuni. Juisi usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1, hata ile uliyokamua mwenyewe.

Mtoto akikabwa na hawezi kulia wala kukohoa, usimpe maji na usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona. Wa chini ya mwaka 1, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze na umbonyeze mara 5 katikati ya kifua. Rudia. Aliyezidi mwaka 1, mwinamishe, umpige mgongoni mara 5, kisha simama nyuma yake, umkumbatie, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, uvute kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5. Rudia hadi kitoke, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Akizimia, mlaze chali mahali pagumu, anza kumbonyeza katikati ya kifua bila kuacha, na mwite mtu asaidie.

Kuna hatari nyingine ambayo huja tukishawazoesha watoto matunda madogo ya buluu. Kando ya barabara zetu kuna kile kichaka chenye miba midogo, majani yanayonuka ukiyasugua, na maua ya rangi mbili tatu katika shada moja. Matunda yake yakiiva ni ya buluu nyeusi, yanayong'aa. Mtoto anaweza kudhani ni bluberi. Yale mabichi ya kijani yana sumu. Mpeleke mtoto mwenyewe hadi kwenye kichaka hicho, umwonyeshe na umwambie, "Hili hapana." Vilevile matunda mabichi ya managu asile. Mfundishe sheria moja rahisi: tunda ambalo mama hajalionyesha haliliwi.

Na kwa sababu wengi wetu tunaishi katikati ya mashamba ya miraa, niseme neno juu ya dawa za wadudu. Mti wa matunda wa mtoto usipandwe pale upepo unapopeleka dawa. Usinyunyizie tunda la nyumbani dawa iliyobaki kwenye pampu. Kila dawa ina siku za kungoja kabla ya kuvuna, zimeandikwa kwenye chupa. Usiweke dawa kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na ile chupa.

Mama, bado nina jambo moja moyoni. Katika vijiji vyetu utaona boma lenye miti mitatu ya parachichi na mipapai miwili, na mtoto wa boma hilo ana uzito wa chini. Kwa nini? Kwa sababu matunda yote yamebebwa sokoni, na pesa zikarudi zikiwa sukari, majani chai na biskuti. Sikulaumu. Karo ya shule inalipwa na matunda hayo. Lakini nakuomba hivi: kabla ya kufunga gunia, toa fungu la mtoto. Parachichi moja, papai moja. Liweke kando kama unavyoweka kando mbegu. Hakuna mkulima anayeuza mbegu zote. Bluberi nayo itakuwa hivyo hivyo, tena zaidi, kwa sababu bei yake ni ya juu. Wanunuzi watakuja hadi mlangoni. Ikiwa mtoto wako hataionja, basi hukuipandia afya, umeipandia soko, na ni vizuri ujue tofauti.

Nchi yetu imepiga hatua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba watoto 26 kati ya 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mwaka wa 2022 walikuwa 18 kati ya 100. Lakini hao 18 ni watoto wa watu. Mtoto aliyedumaa si mfupi tu. Hata akili yake inaweza kuchelewa darasani. Na kudumaa huanza mapema, tangu tumboni hadi miaka 2, wakati ule tunapodhani mtoto ni mdogo hahitaji mengi.

Kwa hivyo mwangalie mtoto wako leo. Je, viganja vyake vimepauka kuliko vyako? Amechoka, hachezi? Anakula udongo? Uzito wake umesimama katika kitabu cha mama na mtoto? Usimtafutie bluberi. Mlete kituo cha afya tumpime damu. Mhudumu wa afya ya jamii akija nyumbani na ule utepe wa mkono, mkubalie ampime. Ukisoma manjano au nyekundu, njoo upesi. Akishatimiza mwaka 1, apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 6, kwa sababu kuna minyoo wanaokunywa damu unayohangaika kuijenga. Na wewe nyanya unayetumia dawa za sukari au presha, kula bluberi ukiipata, lakini dawa zako usiache hata siku moja.

Tukumbushane kwa ufupi. Mtoto ale tunda kila siku, pamoja na chakula chenye chuma, bila chai. Panda kwanza mpapai, mpera na mforosadi. Bluberi ipande baadaye, kwenye udongo mchachu, bila jivu wala chokaa, na kwa maji ya mvua. Matunda ya mviringo yapondwe au yakatwe vipande vinne. Fungu la mtoto litoke kabla ya gunia kufungwa.

Kazi ya wiki hii ni moja. Zunguka boma lako na mtoto mkononi, uhesabu miti ya matunda iliyopo. Kisha jiulize, ni lini mara ya mwisho mtoto huyu alikula tunda kutoka kwa mti huu? Jibu utakalopata litakuambia kama unahitaji mche mpya, au unahitaji tu kuinua mkono na kuchuma.

Msalimie baba watoto, naye mwambie habari ya jivu na ya mitungi ya dawa. Mungu awalinde watoto wetu. Kwaheri hadi mazungumzo yajayo.